Han Solo alifyatua kwanza, lakini lawama zina mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa mashabiki wa Star Wars kuhusu wahusika wa filamu hizo, mjadala ambao wengi huudharau kuwa ni wa watu wasio na kazi.

Mimi siudharau. Tuuangalie ule ulio mkongwe kuliko yote. Katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, Han Solo, msafirishaji wa magendo aliyelemewa na deni, anaketi mezani na Greedo aliyekuja kumkamata, na mazungumzo yakiwa bado moto anamlipua kwa silaha aliyoificha chini ya meza. George Lucas, mwandishi na mwongozaji wake, alipoirekebisha filamu hiyo mwaka 1997, alimfanya Greedo awe wa kwanza kufyatua, tena akakosa shabaha. Toleo la mwaka 2004 likawafanya wafyatue karibu kwa pamoja, na mwaka 2019 tukio hilohilo likaguswa tena. Anayesema huo ni ubishi wa sekunde moja hajautazama mwisho wa filamu kwa makini, kwa sababu Han anayerejea kumwokoa Luke, kijana shujaa wa filamu, katika shambulio dhidi ya Death Star, ngome ya adui iliyo angani, anatugusa pale tu tunapokuwa tumeshamwona akijijali mwenyewe na kuua bila kusita. Ukimtakasa tangu mwanzo, mabadiliko yake hayana pa kuanzia. Kwa maoni yangu Lucas alimharibu mhusika wake kwa mkono wake mwenyewe.

Katika ubishi huo wote lawama zilimwendea Lucas, na sijapata kusikia shabiki aliyemwandama Harrison Ford, mwigizaji wa Han, kwa kuwa eti alichelewa kufyatua. Mashabiki walijua vema nani aliandika na nani aliigiza. Ajabu ni kwamba ujuzi huo ulipotea mwaka 1999 alipotokea Jar Jar Binks, mhusika wa kuchekesha katika filamu mpya ya mfululizo huo. Hata mimi mhusika huyo ananichosha, na vichekesho vyake vinavuruga matukio yaliyohitaji utulivu. Lakini Ahmed Best, aliyempa sauti na mwendo, ndiye aliyebebeshwa mzigo wa mwandishi, hadi mwaka 2018 akaeleza hadharani kwamba kejeli zile zilimfikisha karibu na kujitoa uhai. Mwaka huohuo Kelly Marie Tran, aliyeigiza mhusika Rose Tico katika filamu ya mwaka 2017, alifuta picha zake katika Instagram baada ya kuandamwa kwa matusi mengi yaliyohusu asili na jinsia yake, mambo ambayo hayana uhusiano wowote na swali kama Rose aliandikwa vizuri au vibaya.

Tena mwigizaji anaweza kuwa upande wa wanaolalamika. Mark Hamill, mwigizaji wa Luke, alisema waziwazi kwamba hakukubaliana na jinsi Luke alivyoandikwa katika filamu hiyo ya mwaka 2017, na bado aliigiza kwa ustadi, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Mwaka 2023 Best alirudi katika tamthilia ya The Mandalorian akiwa Kelleran Beq, mmoja wa Jedi, yaani wapiganaji walinzi wa amani katika hadithi hizo, anayemtorosha mtoto Grogu wakati Jedi wanapouawa, na safari hii mashabiki walimshangilia. Mwigizaji alikuwa yuleyule. Aliyebadilika ni mhusika aliyeandikiwa.

Ni mimi msomaji wako.