Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majina ya Spea, Spana na Ethi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha magari ya zamani,

Malalamiko mengi yaliyofika kwa kamati ya ufundi mwaka huu yalifanana: spea imeagizwa, imelipiwa hadi ushuru, boksi likafunguliwa na kilichomo sicho. Wauzaji hawakukosea, waliuza kilichoandikwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taarifa hii ni ya maneno ya magari, na mambo ya kawaida ya chama nimeyaweka mwishoni.

Lugha ya gereji zetu imetokana na Kiingereza cha Uingereza. Boneti, buti, spana, petroli, lori, sailensa na winskrini vyote vimetoka huko. Mmarekani vitu hivyo huviita "hood", "trunk", "wrench", "gasoline", "truck", "muffler" na "windshield". Madigadi nalo ni neno la Kiingereza cha zamani: Mwingereza wa leo huandika "wing", Mmarekani "fender". Ukiwa na Land Rover Series, Morris Minor, MGB au Ford ya Marekani ya miaka ya 1950, spea zako zinatoka nchi zote mbili na kila muuzaji anaandika kwa lugha ya kwao.

Maneno yanayotofautiana kabisa hayana shida, maana muuzaji atakuuliza. Yanayotutia hasara ni yale yanayotumika pande zote mbili kwa vitu tofauti. "Hood" Marekani ni boneti, Uingereza ni turubai la gari la wazi. Mwenye MGB anayeagiza "hood" Uingereza atapokea turubai, na akilitaka turubai hilo Marekani aandike "convertible top". Propela yetu, ile inayotoka gia boksi kwenda difu, Uingereza ni "propeller shaft" na Marekani ni "driveshaft". Lakini Mwingereza akisema "drive shaft" anamaanisha shafti inayokwenda kwenye gurudumu, kama zile za mbele za Mini. Hata "paraffin" ina mtego wake: kijitabu cha Uingereza kikisema osha beringi kwa "paraffin", ni mafuta ya taa. Marekani neno hilo ni nta, na mafuta ya taa ni "kerosene".

Vipimo vina mtego huohuo. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani ni 473. Kijitabu kikitaja painti 10 za oili ya injini, kwa Mwingereza ni lita 5.7 na kwa Mmarekani ni lita 4.7. Anayechanganya anapunguza karibu lita nzima au anaizidisha, na oili iliyozidi hupigwa na krenki ikatoa povu, kisha ikatafuta pa kutokea kwenye sili. Kabla ya kumimina, tazama kijitabu kilichapwa kwa soko gani. MGB nyingi ziliuzwa Marekani, na vijitabu vyake vya huko vinazunguka sana.

Sasa spana, ambako uharibifu ni mkubwa kuliko kwingine kote. Spana za Marekani, na za Uingereza zilizoandikwa AF ("across flats"), hupimwa kwa upana wa mdomo: 1/2 ni nusu inchi. Spana ya Whitworth, mfumo wa zamani wa bolti za Uingereza, imeandikwa unene wa bolti. Iliyoandikwa 1/4 W, ambayo mara nyingi huwa pia na alama ya 5/16 BS, ina mdomo wa inchi 0.525, sawa na milimita 13.3. Spana ya 1/2 AF haiingii kwenye nati ya spana hiyo, wala ya milimita 13 haiingii. Ya 14 inaingia lakini inacheza, na ya 9/16 inacheza zaidi. Fundi akiivuta kwa nguvu anaila nati pembe zote, kisha anakuja na patasi. Hakuna spana ya milimita inayoshika vizuri hapo. Inunuliwe ya Whitworth yenyewe.

Nyuzi za bolti ni jambo jingine tena. Za Whitworth na BSF, ambayo ni ya Uingereza pia ila nyuzi zake zimekaribiana zaidi, zimekatwa kwa pembe ya digrii 55; za UNF na UNC, mfumo wa pamoja wa Uingereza na Marekani, kwa digrii 60. Bolti ya BSF ya 5/16 ina nyuzi 22 kwa inchi, ya UNF ina 24. Zinashikana mzunguko mmoja au miwili, zinakwama, na anayelazimisha anachana tundu, hasa kwenye aluminiamu. Kanuni ya kamati: nati isipokwenda kwa vidole, irudishwe na ipimwe kwa geji ya nyuzi. Bolti nyingi za UNF za Uingereza zina vijiduara vitatu vinavyogusana kichwani. Wenye MG TC na TD wawe makini zaidi, kwa sababu injini zao zina nyuzi za milimita lakini vichwa vya bolti ni vya Whitworth, urithi wa kiwanda kilichoanzishwa na kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss.

Umeme. Mwingereza husema "earth", Mmarekani "ground", sisi ethi, yaani upande wa betri unaofungwa kwenye bodi ya gari. Magari mengi ya Uingereza yalifungwa ethi upande chanya; MGB ilibadilishwa mwishoni mwa 1967. Msidhani ni desturi ya Waingereza peke yao: Ford za Marekani hadi modeli ya 1955 zilikuwa za volti 6 na ethi chanya. Ukifunga altaneta kwenye gari kama hilo bila kugeuza ethi, daiodi zinaungua papo hapo. Kugeuza si kazi kubwa. Geuza betri na vichwa vya nyaya zake, badilishana nyaya mbili ndogo za koili, geuza nyaya za amita. Kisha toa nyaya kwenye dainamo na ugusishe tundu la F kwa waya unaotoka upande chanya wa betri, mguso mfupi mara tatu au nne, ili sumaku yake igeuke. Starta haiguswi, itazunguka upande uleule.

Tena fyuzi. Fyuzi ya kioo ya Lucas, kampuni ya Uingereza ya vifaa vya umeme vya magari, iliyoandikwa 35 hukatika ikifika ampea 35, na hubeba 17 tu kwa kudumu. Ya Marekani iliyoandikwa 35 hubeba 35 kwa kudumu. Ukiiweka hiyo, waya utaungua kabla ya fyuzi.

Kuhusu neno "classic", wanaouza nje walizingatie: FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, hutaka gari la miaka 30 au zaidi, nafuu ya kodi Uingereza huanzia miaka 40, na "Full Classic" ya Marekani ni magari ya kifahari ya 1915 hadi 1948 tu. "Vintage" kwa Mwingereza huishia 1930.

Kamati inapendekeza fomu mpya ya kuagiza spea: kwanza namba ya spea, pili namba ya chesisi, tatu picha yenye rula pembeni, na jina liwe la mwisho. Pia inaomba idhini ya kununua seti moja ya spana za Whitworth na geji ya nyuzi vya kuazimana. Yote mawili yatapigiwa kura. Fomu za kugombea uongozi ziko kwa katibu, na risiti za ada kwa mweka hazina.

Orodha yetu ya maneno bado haina malori. Mwenye kijitabu cha asili cha Bedford, chenye kurasa za spea, tunamwomba atuazime siku mbili kipigwe picha.

Mwenyekiti