Barua ya wazi kwa Katibu wa Mifugo: dume mwekundu tutampata wapi?

Mheshimiwa Katibu,
Idara ya Maendeleo ya Mifugo,
Nairobi.

Natumai barua hii inakufikia ukiwa na afya njema. Mimi ni mfugaji wa kondoo hapa Kajiado, binti wa wafugaji. Nakuandikia juu ya kondoo mwekundu wa Kimaasai, yule mwenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta. Nikiwa msichana, mama yangu alikuwa nao zaidi ya mia moja zizini. Leo nina majike 11 tu ninaothubutu kuwaita wekundu bila kusita.

Wengine niliwaharibu mwenyewe. Nilinunua dume wa Dorper, kondoo wa kigeni wa nyama, mweupe wa kichwa cheusi, mgongo mpana. Watoto wake wa kwanza walinifurahisha mno. Sokoni mnunuzi aliwapapasa kiuno, akaongeza bei kabla sijafungua mdomo. Nikawabakiza majike, nikawapandisha tena kwa Dorper. Mwaka uliofuata mvua ikanyesha vizuri, majani yakawa marefu, na asubuhi moja nikamkuta mwanakondoo amesimama peke yake, ana uvimbe laini chini ya taya kama kifuko cha maji. Nikamfunua kope la chini. Pale panapotakiwa kuwa pekundu palikuwa peupe kabisa. Nilimnywesha dawa ya minyoo, jioni akafa. Mwezi ule nilipoteza tisa, na kati yao hakuwamo mwekundu hata mmoja.

Madaktari wako wanamjua mnyoo huyo. Anakaa katika tumbo la nne la kondoo, ananyonya damu, na jike lake hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mvua ikija, malisho yote yanajaa watoto wake, na hapa Kenya baadhi ya minyoo hiyo imekwisha kuzoea dawa tunazouziwa. Kondoo mwekundu anapambana naye kwa damu yake mwenyewe. Hayo si maneno ya wazee peke yao. Kati ya 1991 na 1996, huko Diani, pwani ya kusini, watafiti wa taasisi ambayo leo ni ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwafuga wekundu, Dorper na chotara wao pamoja. Wanakondoo wekundu walikutwa na mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi, hawakupungukiwa damu kama wenzao, na walikufa wachache zaidi.

Mheshimiwa, kosa langu lina babu yake. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, alipopewa ardhi kubwa pale Njoro, alileta madume wa Ryeland, kondoo wa sufu, kutoka Uingereza akawapandisha kwa majike wa Kimaasai wapatao 11,000. Shabaha ilikuwa sufu. Jike wa kienyeji alihesabiwa kama udongo tu wa kupandia mbegu ya mgeni: mtoto awe nusu, mjukuu robo tatu, hadi yule wa asili afutike kabisa. Mwaka 1904 akaagiza majike 500 safi wa merino, kondoo wengine wa sufu, kutoka New Zealand. Wanne katika kila watano walikufa muda si mrefu, na waliobaki wakahamishiwa Soysambu, shamba lake jingine. Mwaka huohuo wa 1904 ndio Wamaasai walipotiwa kwenye mkataba wa kuondolewa Bonde la Ufa, wao na mifugo yao. Watu waliojua kondoo gani anaishi wapi na kwa nini ndio waliohamishwa. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Ningetarajia tungejifunza baada ya uhuru. Lakini katikati ya miaka ya 1970 ukaanzishwa mpango wa ruzuku wa kusambaza madume wa Dorper nchini. Kabla ya hapo wekundu safi walikuwa mamilioni. Wafugaji walipewa dume, hawakupewa maelezo ya namna ya kuendelea na uchotara bila kummaliza mama. Wakapandisha, wakapandisha tena, kama nilivyofanya mimi. Mwaka 1992 watafiti walipozunguka Kenya na kaskazini mwa Tanzania kutafuta wekundu safi, waliwapata wachache sana, na hata kundi dogo walilolianzisha lilikuja kuonekana lina damu ya mchanganyiko.

Sisemi Dorper aondolewe. Mahali pakavu, penye minyoo michache, anamlipia mtu karo ya shule, na chotara wa kwanza wa Dorper na mwekundu ni kondoo mzuri kweli. Lakini huyo chotara wa kwanza anazaliwa na mama mwekundu. Mama akiisha, hatupati tena hata huyo chotara tunayempenda. Tunabaki na wenye robo tatu au sehemu saba kati ya nane za damu ya Dorper, na dawa ambazo hazifanyi kazi. Hata Dorper mwenyewe, Waafrika Kusini walimtengeneza miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn na kondoo wa kichwa cheusi mwenye asili ya Usomali. Wasingekuwa na yule wa kichwa cheusi aliye safi, wangeanzia wapi?

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mpango wowote wa kugawa madume usitoke ofisini kwako kabla hamjajua wekundu safi wamebaki kwa nani, wangapi, na kabla wenye kuwatunza hawajalipwa kitu cha kuwafanya waendelee. Watafutwe pamoja na wenzetu wa Tanzania, maana kondoo hawa hawajui mpaka. Wapimwe damu, maana rangi inadanganya. Nimeuziwa chotara mwekundu kama udongo wa Kajiado. Na mahali penye mvua nyingi, dume wa ruzuku awe mwekundu.

Dume wangu mwekundu amezeeka, meno ya mbele yamekwisha. Nimeuliza maboma matatu, kote naonyeshwa chotara. Kondoo hubeba mimba miezi mitano, na nataka wazae Desemba. Nisipompata mwingine kufikia Julai, majike wangu 11 watapandwa na dume yeyote atakayekutana nao malishoni. Ukiwa na jina la shamba moja tu lenye dume mwekundu safi, nitapanda gari siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa Kajiado