Barua ya wazi kwa Mkuu wa Ukaguzi wa Magari: tazameni na rimu

Mheshimiwa Mkuu,

Wakaguzi wako hawana mchezo na tairi kipara, na kwa hilo nawapongeza. Ila sijamwona hata mmoja akitoa geji ya upepo, wala akiinama kutazama pale tairi linapokutana na rimu. Na ni hapo tairi huchomokea.

Tairi lisilo na tyubu halijafungwa kwa nati wala gundi. Ukingo wake wa ndani una pete ya nyaya za chuma, nao hukaa kwenye mteremko mdogo wa rimu: nyuzi 5 kwa gari dogo, 15 kwa malori mengi. Kinachoubana hapo ni upepo. Upepo ukiwa haba na gari likakata kona kwa kasi, tairi husukumwa ubavuni, ukingo ukateleza hadi kwenye bonde la katikati ya rimu, bonde lilelile analolitumia fundi kuingizia tairi. Upepo uliobaki hutoka wote mara moja, na chuma huanza kukwaruza lami.

Hapo lawama humwendea aliyetengeneza tairi. Mimi ningeanza na kutu. Vua tairi uone: magamba ya kahawia pale ukingo unapokaa, au unga mweupe kama rimu ni ya alumini. Upepo huvujia humo polepole, dereva anajaza na kujaza, akidhani valvu ndiyo mbovu. Kuna pia rimu zilizopinda kwa mashimo, na kingo zilizochanwa na fundi aliyelazimisha tairi kavu bila kupaka sabuni. La hatari zaidi ni tairi la inchi 16 kwenye rimu ya 16.5. Huingia, lakini halikai, na laweza kumpasukia fundi usoni akilijaza.

Marekani tangu 2007, na Umoja wa Ulaya tangu 2014, magari madogo mapya hutakiwa kuwa na kifaa cha kumwonya dereva upepo ukipungua. Ya zamani yanategemea jicho la mtu.

Siombi kila gari livuliwe matairi. Foleni zenu zinatosha. Naomba upepo upimwe tairi likiwa limepoa, kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni, si kile cha juu kabisa kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Rimu yenye ufa isipite. Linalovuja pembezoni lirudi kwa fundi, rimu isuguliwe kutu, ndipo gari lipewe stika.

Wako,
Dereva