Barua kwa Mhariri: Mnaandika mavuno, palizi hamuioni

Mhariri,

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Ngara, Nairobi. Januari nashona sare za shule, Agosti na Desemba magauni ya harusi, na miezi iliyobaki nashonea vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza tamthilia za kutahiniwa. Kwa hiyo nikisema nawajua waigizaji, nawajua kwa inchi. Namjua aliyekonda kwa sababu hajalipwa tangu Februari, namjua na yule anayevuta tumbo ndani nikimpima kiuno.

Jumanne iliyopita mtoto wa dada yangu alikuja kibandani. Ana miaka 19 na ameigiza na kikundi kimoja kwa mihula miwili sasa. Akaketi juu ya gunia la vipande vya vitambaa, akatoa simu, akanyamaza. Nikajua lipo neno.

“Mama mdogo, nimeamua kuacha.”

“Kuacha nini?”

“Kuigiza. Safari hii wamenifanya wa akiba. Nikariri maneno yote ya mhusika mkuu, nihudhurie mazoezi yote, halafu nikae nyuma ya pazia ningoje mwenzangu augue. Na haugui! Yule msichana hata mafua hapati.”

Nilicheka, naye akanuna. Kisha akanifungulia ukurasa wenu wa burudani, ule ambao kila wiki haukosi kijana “aliyelipuka”. Huyu kalipuka kwa video ya sekunde 40, yule kalipuka kwa kumwiga mbunge. Akaniuliza, “Kwani Lupita alikaa akiba wapi? Si aliitwa filamu moja tu, akachukua Oscar, basi?”

Swali hilo si lake peke yake. Nimelisikia kwa mama zao wanaokuja kunilipia mavazi, nimelisikia hata kwa mwalimu. Ndiyo maana nakuandikia, kwa sababu nadhani ninyi waandishi mna mkono wenu humo.

Lupita Nyong'o alipokea tuzo ile tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akawa Mkenya wa kwanza kuipata. Sote tunaikumbuka ile gauni ya samawati, mimi zaidi ya wengine: wiki hiyo walikuja wasichana wanne kuniomba niwashonee kama ile, kwa kitambaa cha shilingi mia tatu. Lakini mara ya kwanza kuigiza na kikundi cha kulipwa alikuwa na miaka 14. Alikuwa Juliet, katika mchezo wa Shakespeare, na kikundi cha Phoenix Players hapa mjini. Toa hesabu: ni miaka 17 kati ya jukwaa lile na lile la Hollywood. Na kabla ya Juliet kulikuwa na shule yake, Rusinga, ambako alianza na nafasi ndogo tu katika Oliver Twist.

Sikumwona akiwa Juliet, nisije nikajipa sifa isiyo yangu. Wakati huo nilikuwa mwanagenzi kwa fundi mmoja wa River Road, kazi yangu ikiwa kutia vifungo na kutumwa uzi. Ukumbi wa Phoenix nilikuja kuujua baadaye, pale Professional Centre, barabara ya Bunge. Ulikuwa chumba kidogo. Ukikohoa safu ya nyuma, mwigizaji anakusikia. Mshono wa gauni ukiachia, safu ya mbele wanauona. Mchezo ukikaa wiki chache huondoka, unaingia mwingine, na nguo hazikutupwa: gauni la malkia wa Machi lilikuwa sketi ya mtumishi Mei. Anayejifunza mahali kama hapo hapati nafasi ya kujificha. Lupita aliigiza hapo pia katika On the Razzle na There Goes the Bride, michezo ya kuchekesha ambayo hakuna anayeitaja leo akimzungumzia. Mimi ningeitaja kwanza. Kulia jukwaani hata mtoto wa darasa la pili anaweza, lakini kuingia mlangoni kwa wakati wake, useme neno lako, watu wacheke, halafu ungoje kicheko kipungue kabla ya kusema la pili, hiyo ni kazi ya fundi. Ukiwahi umeharibu, ukichelewa umeharibu.

Kisha nenda mbele. Alisafiri Marekani kusoma katika chuo cha Hampshire. Ilipopigwa hapa nchini ile filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005 na kuonyesha Kibera na Loiyangalani, naye alikuwapo. Hakuwa mbele ya kamera. Alikuwa msaidizi wa utayarishaji. Nimewaona wasaidizi wa aina hiyo nilipoitwa kurekebisha suruali mahali palipokuwa panapigwa tangazo la sabuni: ndio wanaotumwa chai, ndio wanaozuia bodaboda zisipite kamera ikizunguka, na jua likitua ndio wanaokusanya viti. Amesimulia mwenyewe kwamba hapo ndipo Ralph Fiennes, mmoja wa waigizaji wakuu wa filamu hiyo, alimshauri aingie uigizaji ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila kazi hiyo. Mtoto wa dada yangu aliposikia habari ya chai alisema, “Lupita? Kutumwa?” Nikamwambia ndiyo, Lupita.

Mwaka 2009 alifanya mambo mawili ambayo gazeti lako lingeweza kuyajazia kurasa. La kwanza ni Shuga, mfululizo wa televisheni uliopigwa Nairobi kuhusu vijana na virusi vya Ukimwi, ambamo alikuwa Ayira. La pili ni In My Genes, filamu ya maisha halisi ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Hiyo aliiongoza yeye, tena hakuonekana ndani yake kama nyota; aliielekeza kamera iwatazame wengine. Mwigizaji aliyewahi kukaa upande ule wa kazi hamsumbui fundi wa mavazi, naweza kuwaapia.

Mwaka huohuo akaingia shule ya uigizaji ya Chuo Kikuu cha Yale, na hapa ndipo nilipoweka mkasi chini ili binti anisikie vizuri. Ukumbi wa Yale ulikuwa ukiandaa Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake wa Liberia wakati wa vita. Lupita alipewa nafasi gani? Wa akiba. Akariri maneno ya msichana mmoja mle ndani, angoje. Mwaka 2015 ndipo mchezo ulipopandishwa New York naye akiwa yule msichana, na mwaka uliofuata ukaingia Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za mji huohuo, akateuliwa kwa Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani huko. Fanya hesabu tena. Miaka sita alikaa na yule msichana kichwani, na katikati yake akamaliza Yale mwaka 2012, akaigiza 12 Years a Slave, akapata Oscar, akawa mtu wa kupigiwa simu na dunia nzima. Bado akarudia nafasi aliyowahi kuishikia akiba.

Binti hakusema kitu. Aliokota pini moja sakafuni, akaichomeka kwenye kijimto changu cha pini.

Najua kuna msomaji atakayenijibu kwamba Lupita ni mtoto wa Profesa Anyang' Nyong'o, mwanasiasa mkubwa, na kwamba mtoto wa Dandora hana miaka 17 ya kungoja. Ni kweli, na sitaki kuizunguka. Kungoja kuna gharama. Nauli ya mazoezi ni gharama, na mama mwenye watoto watatu nyumbani hawezi kulisha kijana wa miaka 22 anayesema “naiva polepole”. Mimi mwenyewe kuna kikundi, sikitaji, kilichonibakishia deni la magauni kumi na moja. Kama mimi mwenye cherehani sikulipwa, mwigizaji je? Lakini jibu la ugumu huo haliwezi kuwa kuwadanganya vijana kwamba kungoja hakupo. Wakidanganyika hivyo, siku ya kwanza wakipewa nafasi ya akiba wanadhani wametukanwa, na wanaobaki ni walewale wenye baba.

Chumba kile cha barabara ya Bunge nacho hakipo. Phoenix Players walifungiwa mlango mwaka 2017 kwa sababu ya malimbikizo ya kodi ya pango, baada ya zaidi ya miaka thelathini tangu James Falkland akianzishe kikundi hicho. Jumba la Kitaifa la Maonyesho lipo, namshukuru Mungu, na shule zipo. Lakini chumba cha viti vichache ambamo msichana wa miaka 14 anaweza kukabidhiwa Juliet na watu wazima wakalipa kiingilio kumtazama, nionyesheni kilipo leo, niwapelekee nguo.

Sasa ombi langu, Mhariri, na si kubwa. Kila Ijumaa mna nafasi ya ratiba ya mpira, hata ligi za nchi ambazo sijui ziko upande gani wa ramani. Tengeni pembe moja, hata ya upana wa kiganja, mwandike ni mchezo gani unaonyeshwa wiki hiyo, wapi, saa ngapi, kiingilio ni kiasi gani. Na mkiandika majina ya waigizaji msiishie kwa wawili wa juu. Andikeni yule anayeleta barua katika onyesho la tatu na kutoka. Andikeni na wa akiba. Mama yake atalikata gazeti, atalibandika ukutani karibu na kalenda, na jirani akiuliza “huyu wenu anafanya nini siku hizi?” atakuwa na kitu cha kuonyesha. Dada yangu angebandika. Kwa sasa anawaambia watu kwamba binti yake yuko “kwa kompyuta”.

Na mkimwandika kijana aliyepata nafasi kubwa, mwulizeni alikuwa akifanya nini miaka mitano kabla ya hapo. Akisema hakuwa akifanya lolote, mwulizeni tena.

Binti amerudi mazoezini Alhamisi; sijui kama ni kwa maneno yangu au kwa sababu mwelekezi wao alimpigia simu. Onyesho la kwanza ni wiki ijayo, katika shule moja ya wasichana upande wa Thika, saa tatu asubuhi. Gauni la mhusika mkuu limekamilika isipokuwa kola. Mtoto wa dada yangu ni mrefu kuliko mwenzake na mabega yake ni mapana, basi nimeacha inchi tatu ndani ya pindo, nimeshona ubavuni kwa mishono mirefu ya kufumuliwa upesi, na mgongoni nimeweka vifungo vya kubana badala ya zipu. Nimewapimia wote wawili. Kulibadilisha kunachukua dakika kumi na mbili.

Mama Fundi,
Ngara, Nairobi