Uliza bunduki iko wapi

Mwanangu mpendwa,

Jumatatu unaanza kazi ya kuwashauri wanafunzi huko Michigan. Ninakusihi, mtoto akiletwa kwako ameelemewa, ulizia silaha siku hiyohiyo.

Unaijua habari ya shule ya sekondari ya Oxford, hukohuko Michigan, tarehe 30 Novemba 2021. Mwalimu aliona karatasi ya mvulana wa miaka 15: bastola, mtu anayevuja damu, na maneno ya kuomba msaada. Wazazi waliitwa, wakaambiwa wamtafutie mtaalamu wa afya ya akili ndani ya saa 48. Wakakataa kuondoka naye, wala hawakusema kwamba siku nne nyuma baba alikuwa amenunua bastola. Akarudi darasani na begi ambalo halikupekuliwa. Bastola ilikuwa humo. Aliua wanafunzi wanne, na mwaka 2024 baba na mama, kila mmoja, alipewa kifungo cha miaka 10 hadi 15.

Wasiwasi wa shule ulikuwa sahihi. Ila ulihusu akili ya mtoto tu, silaha ikasahaulika.

Kwa hiyo asiachwe peke yake, na begi lisimfikie kabla uongozi haujalikagua. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua au kuua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Kisha mgeukie mzazi: nyumbani kuna bunduki ngapi, risasi ziko wapi, ufunguo anao nani, namba ya kasha mtoto anaijua? Akikujibu "nimeificha", usiridhike, maana watoto huyajua maficho yote ya nyumba. Akikasirika mvumilie, kisha uliza tena.

Tangu 13 Februari 2024, palipo na mtoto, sheria ya Michigan inataka bunduki iwe ndani ya kasha lililofungwa, au iwe haina risasi na imetiwa kufuli. Kwa mtoto aliyeelemewa, mimi naona kufuli halitoshi: itoke nyumbani kabisa mpaka atulie. Mwenye bunduki akiwa ndiye hatari, ndugu, polisi au mhudumu wa afya anaweza kuiomba mahakama imzuie kuwa nayo.

Usikubali asimamishwe shule bila mpango. Atakaa nyumbani peke yake na silaha ileile, na hakuna atakayemwona. Kabla hajatoka ofisini kwako, andika siku na saa ya kuonana tena, jina la mtu mzima atakayekuwa naye usiku huo, na umpe namba 988, simu ya msaada kwa anayewaza kujiua au aliyeelemewa, inayopokelewa saa zote.

Mama yako