Bangi ipimwe kwa nguvu yake, si kwa kilo peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna habari za bangi zinavyoandikwa kwa ajili yetu wasomaji wa Kanda ya Ziwa. Karibu kila mara tunasoma kwamba zimekamatwa kilo kadhaa, magunia kadhaa au misokoto kadhaa, pamoja na picha ya watuhumiwa waliochuchumaa mbele ya mzigo, na habari inaishia hapo. Msomaji anayebaki na hesabu hiyo ya uzito huamini kwamba bangi ni bangi na kwamba msokoto huu ni sawa na ule. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari hapa Ilemela, na kwa jicho la somo langu hesabu hiyo haitoshi hata kidogo, hasa wakati huu ambapo vijana wetu wamekwisha kujua, kupitia simu, kwamba ipo misokoto inayotiwa bangi iliyosindikwa, yaani utomvu wake mkali uliotengwa na majani.

Nilianza kulifuatilia jambo hili baada ya kipindi cha kutenganisha michanganyiko, pale mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliponiuliza kama kiyeyushi (kitu kinachoyeyusha kingine) nilichokieleza ubaoni ndicho kinachotumika kutengenezea kitu alichokiona katika video kwenye simu ya kaka yake. Nilikuja kuiona video yenyewe. Kijana wa Marekani anachota kwa kijiti cha chuma kitu kizito cha rangi ya asali, anakinyoosha kiwe kirefu na chembamba, anakilaza katikati ya bangi iliyosagwa juu ya karatasi, kisha anasokota. Hakuishia hapo, kwani aliupaka msokoto wote mafuta kwa nje na kuugaragaza kwenye unga wa rangi ya kijani iliyofifia, mpaka ukawa kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari. Yote hayo aliyafanya akicheka, bila kusema neno lolote juu ya kiasi. Nilimjibu mwanafunzi wangu kwa kirefu, na barua hii ni sehemu ya jibu hilo.

Kinacholevya katika bangi ni kemikali inayoitwa THC, ambayo muundo wake ulitambuliwa mwaka 1964 na wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israeli. Kemikali hiyo haikutawanyika sawasawa katika mmea. Mbegu haina kitu cha maana, bua halina, jani kubwa lina kidogo, na sehemu kubwa kabisa imo katika vinyweleo vidogo sana vya maua ya mmea jike, ambavyo kila kimoja kina kichwa cha utomvu unaonata. Tena katika mmea mbichi kemikali hiyo haijawa THC kamili, bali ni tindikali yake, ambayo hugeuka kwa joto, na ndiyo sababu watu huichoma au kuipika badala ya kuitafuna ikiwa mbichi. Kusindika bangi, kwa hiyo, ni kuutenga utomvu huo na kuyaacha majani. Hashishi, kama ile ya Moroko na Lebanoni, ni utomvu uliokung'utwa, ukachekechwa na kugandamizwa. Siku hizi zimeongezeka njia nyingine, kama vile maji yenye barafu, joto pamoja na mkandamizo, na gesi inayotumiwa kama kiyeyushi, na mazao yake yanaweza kufikia asilimia 60 hadi 90 ya THC.

Hapo ndipo uzito unapopoteza maana. Bangi iliyokamatwa nchini Marekani na kupimwa maabara ilikuwa na wastani wa takribani asilimia 4 ya THC mwaka 1995, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa takribani asilimia 12, na hayo ni majani na maua matupu. Tuchukue msokoto wa nusu gramu wenye bangi ya asilimia 5. Ndani yake mna miligramu 25 za THC. Sasa tuongeze sehemu ya tano ya gramu ya bangi iliyosindikwa yenye asilimia 70, kiasi ambacho ukikiweka juu ya kucha ya kidole gumba hakiifuniki yote. Hicho peke yake kina miligramu 140. Msokoto umeongezeka uzito kwa chini ya nusu, lakini kilevi kimepanda kutoka miligramu 25 hadi 165, yaani zaidi ya mara sita. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya THC huungua au hupotea na moshi kabla ya kufika mapafuni, lakini hasara hiyo huupata msokoto wa kawaida pia, kwa hiyo tofauti baina ya misokoto hiyo miwili inabaki palepale. Kwa kulinganisha, serikali ya Kanada, iliyohalalisha bangi Oktoba 2018, hairuhusu pakiti moja ya chakula chenye bangi kuzidi miligramu 10 za THC.

Tena msokoto wa namna hiyo hauungui sawasawa. Mafuta huyeyuka na kukimbilia upande mmoja, karatasi ikalowa, moto ukala ubavu mmoja na kuuacha mwingine, hivyo mivuto ya mwanzo inaweza kuwa myepesi na ya katikati ikawa mikali kupita kiasi. Anayevuta hana namna ya kujipimia, na pale kijiweni ambako msokoto mmoja huzungushwa kwa watu wanne au watano, yule anayepokea wa tatu hajui kabisa amepokea nini. Mazoea ya mtu aliyezoea bangi ya kienyeji, iwe imetoka Tarime au kwingineko, hayamsaidii hapo. Mivuto aliyoizoea ni ileile, ila kilichomo kimebadilika.

Sipendi kutia chumvi, maana vijana wakitugundua tumewadanganya katika moja hawatatuamini katika kumi. THC haizimishi pumzi kama heroini, kwa sababu sehemu ya ubongo inayoendesha upumuaji ina vipokezi vichache sana vya kemikali hiyo, yaani sehemu za seli inakonasa. Lakini vipokezi hivyo vimejaa katika sehemu za kumbukumbu, mizani ya mwili na mwendo, na THC ikizidi mtu hupata mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, hofu kubwa isiyo na sababu, kutapika, kizunguzungu anaposimama, na wakati mwingine kusikia au kuona yasiyokuwapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika miji kadhaa ya Ulaya pamoja na eneo moja la Brazili, ulionyesha kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuchanganyikiwa karibu mara tano ya wasioitumia. Asilimia 10, Mhariri, na mimi hapo juu nilikuwa nikizungumzia 70. Upo pia ugonjwa wa kutapika mfululizo kwa watumiaji wa muda mrefu, ulioelezwa na madaktari wa Australia mwaka 2004, ambao mgonjwa wake hupata nafuu kwa kuoga maji ya moto. Mzazi mwenye kijana anayetapika kila asubuhi na kuomba ndoo ya maji ya moto mara nne kwa siku ana haki ya kulijua hilo kabla hajauza mbuzi kwa ajili ya waganga. Na wanaodhani kwamba kliniki za methadoni zitawasaidia wajue kuwa dawa ile ni ya watumiaji wa heroini na jamii yake, si ya bangi.

Kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa lipo jingine ambalo waandishi wa Dar es Salaam hawawezi kulifikiria. Wavuvi wa dagaa huingia majini usiku wa giza, mwezi ukiwa umefichika, na kazi yenyewe ni ya kusimama ukingoni mwa mtumbwi, kuvuta nyavu zilizolowa na kuangalia taa. Wapo wanaoamini kwamba bangi huwaondolea baridi na kuwapa nguvu ya kazi, na mtu akienda pale mwaloni Kirumba alfajiri na kuketi na wanaoshusha dagaa atalisikia hilo likisemwa bila kificho. Msokoto hafifu huenda umewaacha wamesimama. Lakini mtu ambaye shinikizo lake la damu linashuka anapoinuka ghafla, ambaye mizani ya mwili imevurugika na anayechelewa kuitikia anapoitwa, akiwa maili kadhaa kutoka nchi kavu bila jaketi la kuokolea, hahitaji sumu yenye kuua ili afe. Hali ni hiyo hiyo kwa dereva wa bodaboda anayeteremka Bugando na abiria wawili mgongoni.

Niseme pia juu ya gesi, kwa sababu swali la mwanafunzi wangu lilikuwa juu ya kiyeyushi. Gesi ya butani, ile ya makopo ya kujazia viberiti, huyeyusha utomvu vizuri, na nchi za wenzetu zimeshuhudia nyumba zikilipuka na watu wakiungua vibaya kwa sababu ya watu walioitumia kusindika bangi majumbani. Butani ni nzito kuliko hewa, takribani mara mbili, kwa hiyo haipandi na kutokea dirishani bali hulala sakafuni na kutambaa chini ya mlango. Ile iliyosafishwa aghalabu haina ile harufu kali inayotiwa kwenye gesi ya kupikia ili ikivuja mtu ashtuke. Sasa fikiria chumba cha kupanga kule Mabatini au Igogo, chenye dirisha moja, na ukumbini jirani amewasha jiko la mkaa anachemsha maharage. Cheche moja inatosha, na watakaoungua ni pamoja na watoto wa jirani ambao hawajawahi kuiona hiyo bangi kwa macho.

Hata anayenunua yaliyokwisha kusindikwa hajui amepewa nini. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na maradhi ya mapafu yaliyotokana na sigara za kielektroniki, sehemu kubwa zikiwa na mafuta ya THC yaliyouzwa kwa magendo, na hadi Februari 2020 wagonjwa zaidi ya 2,800 walikuwa wamelazwa na 68 kufariki dunia. Kilichohusishwa kwa nguvu na maradhi hayo ni asetati ya vitamini E, ambayo wauzaji waliichanganya ili mafuta yaonekane mazito na safi. Hayo yalitokea katika nchi ambayo baadhi ya majimbo yake yana maduka halali, maabara na lebo. Kwetu bangi ya kila namna, iwe jani, utomvu au mafuta, ni marufuku, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ipo kwa Sheria ya mwaka 2015, kwa hiyo hakuna muuzaji atakayebandika lebo wala mnunuzi atakayedai risiti.

Marufuku hiyo wengine wangependa ijadiliwe upya, na nina jirani ambaye hachoki kunikumbusha kwamba mwaka 2020 Umoja wa Mataifa uliitoa bangi katika orodha yake ya dawa kali kuliko zote. Ni kweli iliondolewa katika orodha hiyo ya nne, ila ilibaki, pamoja na utomvu wake, katika orodha ya kwanza ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 wa dawa za kulevya, yaani bado inadhibitiwa vikali. Mjadala huo una wenyewe, na si ninaouomba hapa.

Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi wako anapokwenda kwenye mkutano wa waandishi wa habari wa jeshi la polisi au wa Mamlaka, baada ya kuandika kilo na idadi ya watuhumiwa, aulize maswali mawili: kilichokamatwa ni jani, ni skanka (bangi yenye THC nyingi), ni hashishi au ni mafuta, na je, kimepimwa THC, na ni asilimia ngapi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza, kwa hiyo huenda hakuna haja ya kusubiri majibu ya makao makuu. Wakisema hakijapimwa, basi iandikwe hivyo hivyo kwamba hakijapimwa, na wiki mbili baadaye waulizwe tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kemia,
Ilemela, Mwanza.