Magari ya umeme kambini yasizime taa za kijijini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu magari ya umeme na makambi ya jeshi. Mimi ni fundi umeme mstaafu. Nimelitumikia jeshi miaka 24, karibu yote nikiwa na testa mfukoni na ngazi begani, na sasa naishi hapa Mabawa, Tanga. Magari ya umeme yanazidi kuingia nchini, pikipiki na bajaji zikiwa mbele. Magari ya serikali yatafuata, na ya jeshi hayatabaki nyuma milele. Sisemi yasije. Nimesubiri maboza ya dizeli yaliyochelewa siku tatu huku gari la wagonjwa limeegeshwa halina mafuta, kwa hiyo faida ya gari linalojazwa kwa waya naielewa vizuri. Ninachoomba ni kwamba kabla ya gari la kwanza kuingia getini, mtu apande nguzo akapime.

Nitaeleza kwa nini. Katika kambi moja niliyofanya kazi, tulikuwa tunatumia transfoma moja na kijiji jirani, ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), mwishoni kabisa mwa laini ndefu. Siku moja bwalo lilifungiwa viyoyozi vinne na majokofu mawili makubwa. Hakuna aliyeuliza transfoma inabeba nini. Jioni ya kwanza, kama saa 2 usiku, balbu zikawa nyekundu kama mkaa. Nilipima kwenye soketi ya zahanati nikakuta volti 170, mahali panapotakiwa 230. Jokofu la dawa lilikuwa linanguruma bila kuwaka. Nilizima viyoyozi viwili kwa mkono wangu mwenyewe, nikagombezwa, lakini ilikuwa nimeshachelewa: mota ya mashine ya kusaga kule kijijini ilikuwa imeungua. Mzee mwenye mashine alikuja getini na tochi, hakupiga kelele, aliuliza tu kama kuna mtu wa kuongea naye. Barua yake ilizunguka kati ya ofisi mbili karibu mwaka mzima, kila moja ikisema kosa ni la mwenzake. Hakulipwa. Mpaka leo nikisikia mashine ya kusaga inapunguza mwendo, namkumbuka.

Hivyo vilikuwa viyoyozi vinne tu. Sasa tufanye hesabu ya magari. Chaja ya kawaida ya ukutani, siyo ile ya kasi, huvuta takriban kilowati 7. Magari kumi ya utawala yakirudi kambini saa 12 jioni na kila dereva akachomeka papo hapo, huo ni mzigo wa kilowati 70 kwa mara moja. Transfoma ya kVA 100 hubeba karibu kilowati 90. Zilizobaki ni 20, na ndiyo saa ambayo kijiji kizima kinawasha taa, feni, runinga na pasi ya sare za shule. Na chaja si kama pasi. Pasi ikipata moto hujikata, ikapumzika, ikawaka tena. Chaja ya gari huvuta kiwango kilekile saa nzima bila kupumzika, na mafuta yaliyo ndani ya transfoma yanazidi kuchemka.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na upande huo ndio ulionifanya nikae kuandika. Gari la utawala linalotembea kilomita 60 kwa siku linahitaji kama uniti 12 kurudishia ilichotumia. Magari kumi, uniti 120. Ukianza kuyachaji saa 4 usiku watu wanapoanza kulala, matatu matatu kwa zamu, saa 11 alfajiri yote yamejaa, na muda wote huo mzigo haukuzidi kilowati 21. Magari ni yale yale na umeme ni ule ule. Tofauti ni saa ya kuchomeka na mtu wa kusimamia zamu, au chaja yenye saa ndani yake inayojiwasha na kujizima. Kambini zamu si jambo geni. Tunazo za lindo, za jiko na za bendera.

Watu wataniambia umeme sasa upo wa kutosha, na ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini umeme wa Rufiji haufiki kwenye soketi kwa kuruka. Unapita kwenye laini, vituo vya kupozea, halafu kwenye transfoma ya mtaa, na popote palipo pembamba ndipo unapokwama. Sisi wa kaskazini tunalijua hilo. Mitambo yetu ya karibu ni ya Mto Pangani: Hale ya megawati 21, ya miaka ya 1960, na Pangani mpya ya megawati 68, iliyoanza kazi miaka ya 1990. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Kilimanjaro aliwaeleza wananchi kwamba umeme unaosafirishwa kutoka kusini hadi mikoa ya kaskazini unapotea mwingi njiani, na kwamba kununua kutoka Ethiopia kupitia Kenya kungesaidia mikoa hii. Kama mikoa mizima inaumizwa na urefu wa njia, kijiji kilicho mwisho wa laini ya kambi kitakuwaje?

Makambi mengi yamejengwa mbali na mji kwa makusudi, na huko laini huwa ndefu na transfoma chache. Mkoani kwetu tunayo makambi ya JKT ya Maramba kule Mkinga na Mgambo kule Handeni, na vijana wetu wanapitia humo kila mwaka. Siyataji kwa kuyalaumu. Nayataja ili msomaji aone kwamba tunazungumzia majirani zetu.

Wenzetu waliotangulia nao wamekutana na jambo hili. Februari 2022 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitoa mkakati wake wa hali ya hewa: magari madogo yasiyo ya vita yawe ya umeme mtupu ifikapo 2027, yote yasiyo ya vita ifikapo 2035. Siasa zao zimebadilika tangu hapo. Januari 2025 Rais Donald Trump, alipoingia madarakani, aliifuta amri ya mtangulizi wake iliyokuwa ikisukuma magari ya serikali yawe ya umeme. Mimi fundi nilichokitazama ni mstari mwingine katika mkakati ule ule: kila kambi iwe na gridi yake ndogo ya ndani, yaani mitambo na nyaya zake zinazoweza kujitegemea laini ya umma ikikatika, ifikapo 2035. Waliona kwamba ukiyategemeza magari yako kwenye laini ya raia, siku laini hiyo ikizimika umesimama nayo. Kambi ya wanamaji wa Miramar, San Diego, ina gridi ya namna hiyo, na sehemu ya umeme wake hutokana na gesi ya jalala la taka. Mwaka 2022 joto lilipoielemea gridi ya California, Miramar ilijiwashia mitambo yake na kuupunguza mzigo wake kwenye laini ya umma. Huko kambi ndiyo iliyoupumzisha mji.

Na tangu 2014 kambi ya anga ya Los Angeles ilijaribu kitu kilichonifurahisha zaidi. Magari 42 ya umeme, mengi yakiwa na chaja za pande mbili: yanachukua umeme kwenye gridi, na gridi ikiyumba yanaurudisha. Betri ya gari la kisasa inaweza kubeba uniti 60 au zaidi. Magari kumi yaliyoegeshwa yanaweza kuwasha zahanati ya kambi usiku kucha, na ya kijiji pia, kama viunganishi vya nyaya vimeandaliwa mapema na fundi anajua asiurudishe umeme kwenye laini ambayo mwenzake yuko juu yake anatengeneza.

Hapa pwani tuna jua. Kilowati moja ya sola hutoa kama uniti 4 kwa siku, kwa hiyo kilowati 30 juu ya paa la karakana zinatosha zile uniti 120 za magari kumi. Paa la mita za mraba 150 au 200 linatosha, na sijaona kambi isiyokuwa nalo. Chumvi ya bahari hula viungio, hilo nalikubali; nimebadilisha bolti zilizooza kabla ya miaka miwili. Zinunuliwe za chuma kisichoshika kutu, na mafundi wapewe muda wa kuzikagua. Magari yanayotoka mchana yatahitaji betri ya kutunzia umeme wa jua mpaka jioni, na hiyo ni ghali. Lakini hata bila betri, yale yanayoshinda yameegeshwa yachajiwe saa 6 mchana badala ya kungoja usiku. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yabaki ya dizeli mpaka mfumo uzoeleke.

Wakubwa wangu wa zamani wakiisoma barua hii watanisamehe kwa kusema nje ya mstari. Naomba kambi itakayopewa magari ya umeme iwe na transfoma yake na mita yake, na kijiji kibaki na yake. Pasipowezekana, mwenyekiti wa kijiji aitwe, aoneshwe saa za kuchaji, apewe namba ya simu ya fundi wa zamu, ili mwenye mashine ya kusaga asije tena getini na tochi.

Kukifunga kifaa cha kupimia mzigo kwenye transfoma ni kazi ya saa moja tu; kisha huachwa wiki mbili kikiandika chenyewe, halafu kikafunguliwa. Kisifungwe wakati wa kipupwe, watu wanapolala na shuka na feni zimezimwa, maana kitasema nafasi ipo tele. Kifungwe Januari au Februari, kaskazi ikiwa imekaza na kila nyumba ina feni inayozunguka hadi alfajiri, maana usiku huo transfoma hazipati nafasi ya kupoa.

Wako,
Fundi umeme mstaafu,
Mabawa, Tanga